Mwenyekiti na Mashina Yake Mia Moja Hamsini na Moja

Kwa jina la Mola, Mwenye kumiliki kila kimilikiwacho, ambaye ufalme wake hauna hisa wala mbia, wala haukupigiwa kura katika mkutano mkuu wa mwaka. Yeye ndiye aoteshaye jani kwa amri yake bila ya fomu, na ndiye ateremshaye mvua juu ya Sotik kila alasiri bila ya kuomba kibali cha mtu. Tukisha kumshukuru, na kuwaombea rehema waja wema waliotutangulia, twaingia katika habari yetu, nayo ni habari ya mageuzi, uwazi na utawala bora.

Siku ya Jumatatu, saa nne kamili za asubuhi, tangazo lilibandikwa kwenye lango la uwanja wa Klabu ya Kandanda ya Majani Mawili, nje kidogo ya mji wa Sotik. Liliandikwa kwa herufi kubwa, likapigwa mihuri mitatu, kisha likafunikwa kwa karatasi ya nailoni ili mvua isilisome kabla ya wananchi. Lilisema kwamba, kwa kuzingatia haja ya kuulinda umiliki wa mashabiki dhidi ya mashabiki wenyewe, Ofisi ya Mwenyekiti imeunda Idara ya Uhakiki wa Mashina na Uthibitisho wa Ushabiki, nayo itaanza kazi mara moja, yaani baada ya chai ya saa nne.

Basi na tuwapange watu wetu kila mmoja mahali pake, kwa kuwa habari isiyopangwa watu ni kama timu isiyo na namba mgongoni: hujui wa kumsifu, hujui wa kumlaumu.

Wa kwanza ni Mheshimiwa Daktari Kipyegon arap Birir, mwenyekiti wa klabu na mfanyabiashara mashuhuri wa majani ya chai. Udaktari wake alitunukiwa na chuo ambacho jina lake limefunikwa na fremu ya cheti. Alikuwa na malori matatu ya kubebea majani, na hakuna aliyepata kumwona akiligusa jani isipokuwa limekwisha kuwa ndani ya kikombe. Wa pili ni Bi Phanice, wakili kutoka Kericho, aliyeitwa Mshauri wa Mageuzi. Alikuja na gari dogo na faili kubwa. Wa tatu ni Rodah Chepkemboi, bibi mwenye kibanda cha chai na mahindi ya kuchemsha langoni. Wakubwa kwa wadogo walimwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha ya nyumbani. Wa nne ni Wambugu, mwenye duka la misumari na mabati, aliyehamia Sotik miaka thelathini iliyopita na tangu klabu izaliwe hajakosa mechi hata moja, ingawa tumaini amelikosa mara nyingi.

Wa tano ndiye tutakayeandamana naye: Isaiah Kipkurui, aliyeteuliwa siku hiyo hiyo kuwa Msajili wa Mashina, akapewa meza, mwamvuli na muhuri.

Ni lazima kwanza ieleweke hisa za klabu hii ni kitu gani. Waasisi wake hawakuwa na fedha. Walikuwa na chai. Walipotenga uwanja waliuzungushia mashina mia tatu ya majani chai badala ya ukuta, na kila shina likawa hisa moja, na kila hisa sauti moja mkutanoni. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi ya mechi ya nyumbani, mwenye shina hulichuma, akaleta konzi moja ya majani langoni. Konzi hiyo ndiyo tiketi yake na ndiyo hati yake. Majani huuzwa, ukanunuliwa mpira. Hivyo ndivyo klabu ilivyoishi miaka ishirini na sita bila ya mfadhili, bila ya nembo ya soda kifuani, na, tuseme kweli, bila ya kombe.

Katiba yao, pamoja na orodha ya mashina, iliandikwa katika daftari la shule la kurasa thelathini na mbili. Kifungu cha Tisa kilisema: *Mwenye shina ni alichumaye kwa mkono wake. Asiyelichuma kwa mkono wake mizunguko mitatu mfululizo, si mwenzetu tena, na shina lake litarudi kwa wote.* Kifungu cha Kumi kilisema shina lililorudi atapewa asiye nalo. Mahali popote hapakusemwa mtu mmoja aweza kumiliki mashina mangapi. Waasisi walikuwa watu wa kawaida. Haikuwapitia akilini kwamba mtu mwenye mikono miwili angetaka zaidi ya shina moja.

Isaiah alikuwa ametumikia miaka ishirini na miwili kama karani wa kupima majani katika kituo cha kununulia chai. Sheria ya kituo ilikuwa moja: majani mawili na kichipukizi chake, basi. Jani la tatu ni ukaidi, na kijiti ni kuni. Wakulima walimwogopa kuliko mvua ya mawe, maana mvua ya mawe huja kwa msimu. Siku moja alimkatalia majani mama yake mzazi mbele ya foleni nzima. Akakimwaga kikapu chake juu ya meza, akasema, "Haya ni magumu, mama. Chagua upya." Mama alikaa nyasini, akachambua jani kwa jani, akarudi mwisho wa foleni. Isaiah akayapima, akayapokea, na jioni ile wakala kimyet, yaani ugali, pamoja na mursik wa maziwa ya mgando, wala jambo lile halikutajwa tena. Mama alipofariki alimwachia shina namba kumi na saba, lililofungwa kitambaa chake cha kichwa cha bluu kama alama. Isaiah hakuwa na cheo kingine alichokipenda zaidi ya kuwa mwenye shina hilo.

Sasa Uhakiki ulianza. Kila mwenye hisa alitakiwa kuleta barua ya chifu, nakala ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha shina au kiapo badala yake, na picha mbili za shina za ukubwa wa pasipoti, zilizopigwa kutoka mbele, mandhari meupe. Kisha angefanyiwa mtihani wa kushangilia mbele ya jopo. Waraka namba moja wa Mwenyekiti uliagiza jambo jingine pia, nalo Isaiah alilipigia mstari kwa wino mwekundu: *Kuanzia sasa hakuna safu ya daftari la mashina itakayoachwa wazi.* Zamani safu ziliachwa wazi, kwa sababu kila mtu alikuwa akimwona mwenzake. Huo haukuwa utawala bora.

Wambugu alifika wa kwanza, picha mkononi.

"Karani," alisema, "hapa kwa fomu wameandika picha ionyeshe masikio yote mawili. Hii shina yangu masikio iko wapi?"

"Andika haina."

"Nikiandika haina, si watasema ni shina bandia?"

"Watasema fomu imejazwa."

"Na hii ya mandhari nyeupe? Nimetandika shuka ya bibi nyuma ya shina, mpiga picha akaja, jirani wakafikiri tunafanya harusi. Mimi nimelipa mpiga picha, nimelipa shuka kufuliwa. Sasa niambie ukweli kama mtu na ndugu yake: hii kitu ni ya nini?"

"Ni ya kukulinda, Bwana Wambugu."

"Nilindwe na nani?"

Isaiah alitazama fomu. Hapakuwa na nafasi ya swali hilo. Akagonga muhuri wa *Imepokelewa*, na wiki iliyofuata akagonga wa *Imekataliwa*, kwa kuwa shuka ilikuwa na maua.

Mtihani wa kushangilia uliwapata wengi. Mama Edinah, mshona nguo, ambaye tangu klabu izaliwe hufumba macho na kuomba kila inapopigwa penalti, alianguka kwa kosa la kutohudhuria kwa macho. Kogo Rodah alipata alama za juu katika sauti, vigelegele na kuitukana miguu ya refa kwa staha. Lakini jopo liligundua kwamba mwaka uliopita aliupigia makofi mkwaju mzuri wa timu ngeni. Akaandikiwa: *Ukarimu uliopindukia.*

"Kijana aliupiga vizuri," Kogo alijitetea. "Mngetaka niseme uongo na mimi nimetoka kanisani?"

"Kogo, ni bao la wapinzani," alisema Isaiah kwa upole.

"Na mama yake hakuwa uwanjani. Nani angempigia?"

Bi Phanice, aliyekuwa pembeni na faili lake, aliandika jibu hilo chini ya kichwa *Ushahidi wa Kukiri*.

Na kwa kuwa karani mwadilifu huanza na nafsi yake, Isaiah alijihakiki. Akalipiga picha shina namba kumi na saba. Picha ikatoka safi, ila shina lilikuwa limevaa kitambaa kichwani, na kanuni ya picha ilikataza vazi la kichwa. Alikwenda akajaribu kukifungua. Tawi lilikuwa limenenepa ndani ya fundo, mti na nguo vikawa kitu kimoja. Kukitoa ni kukikata. Alisimama pale muda mrefu na kisu cha kupogolea mkononi. Kisha akakirudisha kisu mfukoni, akarudi mezani, akajaza jina lake mwenyewe na kugonga *Imekataliwa*. Muhuri haukutulia vizuri. Akaugonga tena.

Mwisho wa mwezi watu mia moja na hamsini walikuwa wamepoteza ushabiki wao. Mashina yao, kwa mujibu wa waraka namba nne, yaliwekwa kwa usalama chini ya jina la Mwenyekiti, kama vile kuku wawekwavyo kwa usalama ndani ya mfuko wa mnunuzi. Ukiongeza shina lake la awali, Mheshimiwa alimiliki mashina mia moja hamsini na moja katika mia tatu. Alimpongeza Isaiah kwa kumpa mkono laini kama mkate wa maziwa.

"Isaiah, umefanya kazi ya kitaifa."

"Nimefuata karatasi, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana nilikuchagua. Wengine wana maoni."

Kisha akampa ajenda ya mkutano mkuu aichape. Mkutano ungefanyika baada ya siku arubaini, kama sheria itakavyo, Jumamosi ya mechi ya tatu ya nyumbani tangu hapo. Hoja ilikuwa moja: kwamba uwanja ukodishwe kwa miaka tisini na tisa kwa kampuni ya godauni, ambayo mkurugenzi wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Kipyegon arap Birir; kwamba mashina yanayouzunguka yang'olewe kupisha malori; na kwamba timu ihamie Chebunyo kwa muda, hadi miaka tisini na tisa iishe.

Isaiah aliichapa. Alipofika kwenye neno *yang'olewe* aliinua vidole kutoka kwenye mashine, akavitazama kama vidole vya mtu mwingine, kisha akamaliza sentensi na kuweka nukta.

Alitoka akaenda kibandani kwa Kogo. Bibi alimmiminia chai, akaongeza maziwa bila ya kuulizwa.

"Nasikia wanang'oa," akasema.

"Ajenda ndiyo inasema hivyo, Kogo."

"Na ya mama yako?"

"Si ya mama tena. Iko chini ya jina la Mwenyekiti."

"Nani aliiweka?"

Isaiah alikunywa chai.

"Miaka ishirini na mbili," alisema Kogo, "umekataa majani ya watu. Umekataa yangu. Umekataa ya mama yako, na mimi nilikuwa nyuma yake kwa foleni. Tulikuchukia, lakini gari la kiwanda halikurudisha kikapu yetu hata siku moja. Leo wameleta takataka ya karatasi, na wewe unapokea tu."

"Karatasi ziko sawa, Kogo. Kila kitu kimejazwa."

"Kila kitu?"

"Kila safu."

"Basi mimi sijasoma," alisema Kogo, akiuchochea moto. "Nilisikia tu zamani wazee wakisema kuna mahali kwa hiyo daftari wanauliza mkono."

Isaiah alikiweka kikombe chini. Kwa kweli palikuwa na safu ya namna hiyo, ya mwisho kabisa upande wa kulia, nyembamba, imeandikwa *Mkono*. Kwa miaka ishirini na sita ilikuwa tupu. Na waraka namba moja, wenye mstari mwekundu, ulikuwa wazi juu ya safu tupu.

Jumamosi ya kwanza ya mechi, mashina ya Mwenyekiti yalichumwa na mashine. Vijana wawili waliishika huku na huku, ikanguruma kama kinu cha unga, ikapita juu ya mashina ikiyanyoa vichwa. Kwa nusu saa kazi ikawa imekwisha, na yale mia moja arubaini na tisa ya watu wengine yalikuwa bado yanachumwa na wenyewe, polepole, kwa mazungumzo. Shina namba kumi na saba mashine ililiruka, kwa kuwa kitambaa kingeweza kunasa kwenye meno yake. Isaiah alikaa mezani, akaijaza safu mara mia moja hamsini na moja. *Si mkono. Mashine.* Lile la kumi na saba aliliandika *Si mkono. Si mashine.*

Kisha, kwa kuwa mtumishi mwema hamfichi mkuu wake jambo, alimwandikia barua rasmi:

*Kuhusu: Mkono. Rejea Kifungu cha Tisa cha Katiba na waraka wako namba moja. Naarifu kwa heshima kwamba mkono wako haukuonekana katika mzunguko wa kwanza. Naomba mwongozo.*

Barua ilirudi siku ya tatu, imegongwa muhuri wa Ofisi ya Mwenyekiti: *Imeonekana. Iwekwe failini.* Isaiah akaiweka failini.

Jumamosi ya pili mashine ilinguruma tena, safu ikajazwa tena, barua ikaandikwa tena, ikiwa na kichwa *Kuhusu: Mkono (Ukumbusho)*. Ikarudi na muhuri ule ule, ulionyooka vizuri zaidi. Isaiah akaiweka juu ya mwenzake. Asiseme mtu kwamba Mwenyekiti hakuarifiwa. Aliarifiwa mara mbili na akajibu mara mbili, jambo ambalo wakulima wa eneo lile hawajapata kulipata kwake hata mara moja.

Ikaja Jumamosi ya tatu, siku ya mkutano. Kuchuma hufungwa saa saba, mkutano ulikuwa saa saba na nusu, mechi saa tisa. Saa tano Mheshimiwa alifika langoni kwa suti ya kijivu, Bi Phanice na faili wakimfuata. Vijana wa mashine hawakuwapo. Alikuwa amewapa ruhusa, kwa kuwa hakuona haja ya kunyoa kitu ambacho Jumatatu kingeng'olewa.

Isaiah alisimama kwa heshima, akamnyooshea kikapu kitupu.

"Hiki ni cha nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Cha mzunguko wa tatu, Mheshimiwa. Wa kwanza na wa pili mkono wako haukuonekana. Usipoonekana leo kabla ya saa saba, mashina yote yanarudi kwa wote. Barua zako mbili ziko hapa, na mihuri yako."

Mwenyekiti alicheka, akamgeukia wakili ili wacheke wawili. Bi Phanice hakucheka. Alilivuta daftari, akasoma Kifungu cha Tisa, akasoma safu, akazisoma barua na mihuri yake. Alikuwa mwanamke mwenye elimu, na elimu ina ubaya wake.

"Mheshimiwa," alisema, "ni halali."

"Ni daftari ya shule, Phanice. Ichomwe."

"Daftari hili ndilo lililokupa mashina mia moja hamsini na moja. Hakuna karatasi nyingine. Ukilikana, huna kitu. Ukilikubali, una mpaka saa saba."

Mwenyekiti alitazama saa yake, nayo ilikuwa ya dhahabu, lakini ilikwenda mwendo ule ule kama za watu wengine. Akavua koti.

Ee msomaji, kuna watu waliopata utajiri kwa dhahabu bila ya kuujua mgodi, na kwa samaki bila ya kulowa. Mheshimiwa alianza na shina lililo karibu na lango. Alilishika tawi kwa ngumi, akavuta. Kikatoka kitu chenye majani saba na kipande cha gome.

"Polepole, mkubwa," alisema Wambugu, aliyekuwa amekuja na kigoda. "Hiyo si kuku."

"Nyamaza, Wambugu. Wewe si mwanachama."

"Ni kweli. Mimi ni shuka ya maua. Endelea tu."

Watu walikuwa wamekusanyika, wenye mashina na walionyang'anywa, wakisimama kwa utulivu kama wasimamavyo kituoni wakati wa kupima. Mwenyekiti aliijaza konzi ya kwanza, akaileta mezani, jasho likimtiririka. Isaiah aliimwaga juu ya meza. Na hapo, wasemavyo waliokuwapo, uso wake ulibadilika. Hakuwa tena Msajili wa Mashina, alikuwa karani wa miaka ishirini na miwili, na vidole vyake vilitembea vyenyewe.

"Hili lina majani manne. Hili ni gumu, limepita wiki. Hili ni kijiti. Hili," akaliinua kwenye mwanga, "ni gugu, Mheshimiwa. Si chai."

"Isaiah. Mimi ndiye niliyekuajiri."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na barua ya ajira inasema nidumishe viwango."

"Pokea hayo majani."

Isaiah aliangalia lile rundo, kisha akaangalia nyasi kando ya meza, mahali ambapo mtu aweza kukaa na kuchambua. Akalisukuma rundo pembeni mwa meza.

"Haya ni magumu, Mheshimiwa. Chagua upya."

Saa sita ilipita. Mwenyekiti alichuma, akakataliwa, akachuma, akakataliwa. Vidole vyake vilipata rangi ya utomvu mweusi, ile ambayo wachumaji huzikwa nayo. Kogo Rodah alimwonea huruma, akaja akasimama kando yake.

"Tumia kidole na gumba, mwanangu. Ukatie hapa, panapovunjika bila kelele. Usivute. Unavuta kama unakamua ng'ombe ya mtu."

"Nimebakisha dakika ngapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mashina mia na hamsini na moja," alijibu Kogo. "Dakika sijui, sina saa."

Saa saba kamili Isaiah aliipiga kengele. Juu ya meza palikuwa na marundo tisa yaliyokataliwa na hapakuwa na konzi iliyopokewa. Akaijaza safu ya mwisho, akakausha wino, akatangaza kwamba mashina mia moja hamsini na moja yamerudi kwa wote, na kwamba klabu ina wanachama mia moja arubaini na tisa. Mheshimiwa hakuwa miongoni mwao.

Mkutano ulikwenda haraka, kama iendavyo kazi isiyo na mgeni rasmi. Hoja ya godauni haikusomwa, kwa kuwa mwenye hoja alikuwa nje ya lango. Watu mia moja na hamsini wasio na shina walipewa kila mmoja lile alilolijua, bila ya picha. Isaiah hakunyanyua mkono. Ni Mama Edinah aliyesema, "Na ile ya kitambaa ni ya karani," na watu wakasema, "Ni ya karani," mambo yakaisha. Kogo akachaguliwa kukikalia kiti kwa muda, akaomba aletewe kigoda cha Wambugu, kwa kuwa kile cha Mwenyekiti kilizama.

Mtu mmoja alitoa hoja kwamba Idara ya Uhakiki ivunjwe. Kogo akakataa.

"Hapana. Limebaki shina moja, ile yake ya kwanza, na Kifungu cha Kumi inasema apewe asiye nayo. Yeye ndiye amebaki. Lakini yeye si kama sisi. Yeye ni mtu wa mageuzi. Tukimpa hivi hivi bila fomu, tutakuwa tumemdharau."

Hoja ikapita kwa kauli moja. Idara ikabaki na mwombaji mmoja.

Bi Phanice alimwandalia nyaraka, akimtoza kwa saa. Barua ya chifu ikapatikana siku ile ile. Picha ya shina ilikubaliwa, isipokuwa masikio, yaliyoahirishwa. Ukabaki mtihani wa kushangilia, ukapangwa ufanyike papo hapo, wakati wa mechi, mbele ya jopo la mtu mmoja, naye ni Mama Edinah.

Mheshimiwa alisimama kwenye mstari wa pembeni, suruali ya suti imejaa tope, vidole vyeusi. Alikuwa ameamua kufaulu. Kwa dakika themanini na tano hakuna kilichotokea, jambo la kawaida kwa Majani Mawili. Dakika ya themanini na sita mshambuliaji mmoja aliwapita walinzi wawili, akaupiga mpira, wavu ukatikisika. Mheshimiwa aliruka juu, akatupa mikono, akapaza sauti iliyosikika hadi barabara ya Kisii. Aliendelea kuruka peke yake, muda wa kutosha, mpaka alipoona kwamba uwanja mzima umenyamaza na unamtazama. Mwenyekiti wa miaka tisa hakujua timu yake huvaa rangi gani.

Mama Edinah alifumbua macho, akalainisha ncha ya kalamu kwa ulimi, akaandika: *Sauti: bora sana. Timu: irudiwe.*

Isaiah aliupokea ule uamuzi, akaugonga muhuri, akauweka failini juu ya zile barua mbili. Kisha akafunga daftari, akatembea polepole hadi kwenye shina namba kumi na saba, lililokosa kuchumwa wiki sita na kuanza kurefuka kama mtoto aliyesahauliwa kunyolewa. Akachuma konzi moja. Akairudisha mezani kwake mwenyewe, akaimwaga, akaichunguza. Majani mengine yalikuwa magumu. Akakaa nyasini, akaanza kuchambua.

Mola Mwenye kumiliki, uwarehemu walioyapanda mashina yale na kutuachia. Uwape waliobaki vidole vyenye kujua panapovunjika bila kelele, mvua ya kiasi, na, ikiwa haikuzidi katika ukarimu wako, bao moja kwa msimu. Naye mwenzetu aliye kwenye mstari wa pembeni, umjaalie afaulu siku moja, kwani mlango ulio wazi kwa mmoja uko wazi kwa wote. Amin.